Majibu ya picha ya sainasi si hukumu ya upasuaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi madaktari wa masikio, pua na koo hukutana nalo karibu kila siku ya kliniki, na ambalo naamini linawatia hofu wasomaji wako wengi bila sababu ya kutosha. Mgonjwa aliyesumbuliwa na pua kwa miezi kadhaa hupigwa picha ya CT ya sainasi, hukabidhiwa bahasha ya majibu, huifungua kabla hajarudi kwa daktari aliyemwandikia kipimo, na ndani yake hukuta maneno kama "ukuta wa kati wa pua umepinda kuelekea kushoto", "konka bulosa upande wa kulia", au "vyumba vya Haller pande zote mbili". Akishaketi mbele ya daktari, haulizi tena kama anahitaji upasuaji, anauliza tarehe. Tayari ameshaamini kwamba maneno hayo ndiyo jina la ugonjwa wake, na kwamba mfupa usiponyooshwa hatapona.

Si haki kumlaumu. Majibu yenyewe mara nyingi huandikwa kwa namna ambayo maumbile na maradhi hupangwa kwenye mstari mmoja, kana kwamba mfupa uliopinda na sainasi iliyojaa usaha ni vitu vya uzito sawa. Hata baadhi ya wenzangu katika fani hii huyasoma hivyo hivyo. Ninachotaka kusema, kwa kirefu kidogo ukiniruhusu, ni kwamba tofauti nyingi za kimaumbile zinazoonekana kwenye picha za sainasi hazielezi kwa nini sainasi za mgonjwa zimevimba, lakini tofauti hizo hizo huwa na umuhimu mkubwa mno siku mgonjwa huyo anapopangiwa upasuaji. Kuzichanganya kazi hizi mbili kunawaumiza watu wa aina mbili: wapo wanaopasuliwa kwa jambo lisilowadhuru, na wapo wanaostahili kabisa kupasuliwa lakini wanaingia chumba cha upasuaji bila jambo hilo kusomwa vizuri.

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso na fuvu, jozi nne kwa jumla: za mashavuni, za paji la uso, za ethimoidi zilizo kati ya macho mawili, na za sifenoidi zilizo nyuma kabisa, karibu na katikati ya fuvu. Hatuzaliwi nazo zikiwa kamili. Mtoto mchanga huwa na sainasi za mashavuni na za ethimoidi zilizo ndogo, ilhali za paji la uso huanza kuonekana wazi kwenye picha baada ya miaka kadhaa ya utoto na huendelea kupanuka hadi mwishoni mwa ujana. Hewa huupenya kila mfupa kwa kiasi chake na kwa njia yake, na ndiyo maana hakuna watu wawili wenye sainasi zinazofanana, na hata upande wa kulia na wa kushoto wa mtu yule yule hutofautiana. Wapo watu wazima wasio na sainasi ya paji la uso kwa upande mmoja, au pande zote mbili, na wanaishi hadi uzeeni bila kulijua hilo.

Ili msomaji aelewe kwa nini madaktari waliwahi kuyatilia shaka maumbile haya, ni lazima kwanza aifahamu safari ya ute. Sainasi ya shavuni ya mtu mzima ina ujazo wa takriban mililita 15, na mdomo wake wa asili hauko chini, mahali ambapo mtu angetarajia majimaji yatokee. Uko juu, karibu na sakafu ya tundu la jicho, kwenye ukuta unaopakana na pua. Utando unaofunika chumba hicho kwa ndani hutengeneza ute bila kukoma, na juu ya utando huo vijinywele vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, hupiga kwa pamoja kama makasia na kuusukuma ute huo kupanda ukutani, kinyume na mvutano wa ardhi, hadi kwenye mdomo ule wa juu. Ukishatoka hapo, ute hupita katika kijia chembamba cha milimita chache tu, kando ya kimfupa chenye umbo la ndoano, kisha humiminika chini ya turbineti ya kati, yaani kile kikunjo cha katikati miongoni mwa vikunjo vya mfupa na nyama laini vinavyotokeza kwenye ukuta wa pembeni wa pua. Sainasi ya paji la uso na vyumba vya mbele vya ethimoidi navyo humwaga ute wao katika eneo hilo hilo dogo. Kwa hiyo sehemu ambayo haizidi upana wa ncha ya kidole ndiyo njia ya kutokea ya sainasi nyingi za upande mmoja wa uso.

Elimu hii haikupatikana mara moja. Mwishoni mwa karne ya 19, George Caldwell wa Marekani mwaka 1893 na Henri Luc wa Ufaransa mwaka 1897 walieleza, kila mmoja kwa wakati wake, upasuaji wa kuingia katika sainasi ya shavuni kupitia juu ya fizi na kufungua dirisha sehemu ya chini kuelekea puani, ili usaha ushuke wenyewe. Fikra hiyo ilionekana ya busara, na upasuaji huo uliendelea kutumika kwa miongo mingi. Baadaye, kamera nyembamba za kuchungulia ndani ya pua zilipopatikana, waganga waliona jambo la kushangaza: ute ulilipita kando dirisha lile la chini na kuendelea kupanda kuelekea mdomo wake wa asili, hata pale mdomo huo ulipokuwa umezibwa. Kazi ya Walter Messerklinger wa Graz, Austria, ambaye kitabu chake kuhusu uchunguzi wa pua kwa endoskopi, yaani kamera hizo nyembamba, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1978, ndiyo iliyoyaweka haya wazi, na mwaka 1985 David Kennedy wa Marekani akaeleza upasuaji wa endoskopi unaolenga kuzifungua njia hizo za asili badala ya kutoboa njia mpya. Karibu wakati huo huo picha za CT, ambazo zilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, zilianza kuonyesha kila kimfupa cha eneo hilo kwa undani ambao picha za kawaida za eksirei hazikuweza kuufikia.

Hapo ndipo hesabu ya maumbile ilipoanza. Ikiwa siri ya sainasi ni kijia chembamba, basi chochote kinachokibana kilionekana mshukiwa. Turbineti ya kati iliyojaa hewa na kuvimba kama kibofu ikaitwa konka bulosa. Chumba cha ethimoidi kilichojipenyeza chini ya tundu la jicho, juu tu ya mdomo wa sainasi ya shavuni, kikapewa jina la Albrecht von Haller, mwanaanatomia wa Uswisi wa karne ya 18. Turbineti iliyopinda upande usio wake, kimfupa cha ndoano kilichogeuka, ukuta wa kati wa pua uliopinda au uliotoa mwiba wa mfupa, chumba cha hewa kilicho mbele kabisa karibu na njia ya sainasi ya paji: vyote vikaandikwa, vikahesabiwa, vikatiliwa shaka. Shaka hiyo haikuwa ya kijinga. Kasoro yake ni kwamba wengi waliisimamisha kama ithibati kabla ya kuwatazama watu wasio na ugonjwa.

Waliotazama walikuta nini? Mwaka 1991 William Bolger na wenzake walichapisha uchambuzi wa picha za CT za watu 202, ambao baadhi yao walipigwa picha kwa malalamiko ya sainasi na wengine kwa sababu nyingine kabisa. Konka bulosa, kwa kipimo chao kilichojumuisha hata zile ndogo, ilionekana kwa zaidi ya nusu ya watu. Jambo lililo zito zaidi ni la utando: waliokuwa na malalamiko ya sainasi walikuwa na utando usio wa kawaida kwa asilimia 83.2, lakini hata wale waliopigwa picha kwa sababu zisizohusiana na sainasi walikuwa nao kwa asilimia 41.7. Msomaji na alitafakari hilo. Karibu wawili kati ya kila watano wasiolalamikia sainasi walikuwa na kitu ambacho, kingeandikwa kwenye karatasi bila maelezo, kingewapeleka kwa daktari wakiwa na hofu. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2004, uliopitia karibu picha 1,000, ulionyesha kwamba konka bulosa kubwa huambatana mara nyingi na ukuta wa pua uliopinda kuelekea upande wa pili, lakini haukuona ongezeko la ugonjwa wa sainasi kwa wenye konka hizo. Tena ulionyesha kwamba kati ya konka na ukuta huo kwa kawaida hubaki njia ya hewa, ishara kwamba si kweli kuwa konka ndiyo iliyousukuma ukuta ukapinda.

Kanuni inayofuata hapa ni ya hesabu tu wala haihitaji shahada ya udaktari. Jambo linalokutwa kwa watu wengi wazima wa afya haliwezi, kwa kuonekana kwake peke yake, kuwa maelezo ya ugonjwa wa mtu mmoja. Anayetaka kulishtaki ni lazima alete ushahidi wa ziada.

Ushahidi huo wakati mwingine hupatikana, na sitaki nieleweke kwamba maumbile hayana hatia kamwe. Nikiona picha ambayo konka bulosa ya kulia ni kubwa kiasi cha kukifunika kijia cha ute, sainasi za kulia zinazotegemea kijia hicho zimejaa, za kushoto ni safi, na mgonjwa mwenyewe analalamikia upande wa kulia kwa mwaka mzima licha ya dawa, basi nina sababu ya kuishuku konka hiyo. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye sainasi humshika ghafla mara nyingi kwa mwaka na kumwacha akiwa mzima kabisa katikati. Kundi hili limeonekana katika baadhi ya tafiti kuwa na vyumba vya Haller na vijia vyembamba zaidi kuliko watu wengine. Lakini hata pale ambapo ugonjwa uko upande mmoja tu, maumbile si mtu wa kwanza kuhojiwa. Kwanza hutazamwa mizizi ya meno ya juu, ambayo kwa watu wengi imetenganishwa na sakafu ya sainasi ya shavuni kwa mfupa mwembamba mno, na ambayo ikioza huweza kuijaza sainasi usaha wenye harufu mbaya. Kisha hutafutwa donge la fangasi, na uvimbe wa hatari. Daktari anayeridhika na konka bulosa kabla ya kumfungulisha mgonjwa kinywa amefanya nusu ya kazi.

Ugonjwa sugu wa sainasi wenyewe, kwa mwongozo wa madaktari wa Ulaya uliotolewa mwaka 2020, hutambulika kwa dalili zinazodumu wiki 12 au zaidi: pua kuziba au kutoa kamasi, mbele au nyuma kooni, pamoja na maumivu au mgandamizo wa uso, au kupungua kwa uwezo wa kunusa, na dalili hizo ni lazima zithibitishwe kwa endoskopi au kwa picha. Ni ugonjwa wa watu wengi. Uchunguzi wa maswali uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya ulikadiria kwamba unawagusa karibu asilimia 11 ya watu wazima. Kiini chake kwa wengi wao ni uvimbe wa utando, wala si umbo la mfupa. Utando huo huchokozwa na mzio, na moshi wa sigara, na bakteria waliojijengea makazi juu yake, na kinga ya mwili iliyopotoka njia. Wenye vinyama vya pua mara nyingi huwa na pumu pia, na baadhi yao hubanwa kifua wakimeza aspirini. Wapo wachache waliozaliwa na vijinywele visivyofanya kazi, au na ute mzito kupita kiasi. Hao hata ukiwanyoosha mifupa yote ya uso, ute hautatembea. Na kwa mgonjwa wa kawaida, turbineti na utando uliovimba kwa mzio huweza kukibana kijia cha ute kuliko chumba chochote cha Haller, kisha vikafunguka vyenyewe uvimbe unapotulizwa.

Ndiyo maana tiba ya kwanza haina kisu. Ni kuosha pua kwa maji ya chumvi na kupulizia dawa ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kila siku kwa wiki nyingi, kwa mkono ulioelekezwa vizuri, ncha ya chupa ikielekea pembeni, mbali na ukuta wa kati. Nadiriki kusema kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wanaoniambia "dawa zimeshindwa" walizitumia kwa siku chache tu, au waliipulizia dawa yote kwenye ukuta wa kati hadi pua ikatoa damu. Kuhusu maji, niongeze tahadhari moja ambayo si ya kupuuzwa: yawe yamechemshwa na kupoa, au yaliyosafishwa kitaalamu. Mwaka 2011 watu wawili walifariki katika jimbo la Louisiana, Marekani, baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba anayeshambulia ubongo. Ni tukio nadra sana, lakini kinga yake ni sufuria tu.

Kuna makundi mawili ambayo hupata madhara zaidi kutokana na majibu ya picha. La kwanza ni la wenye maumivu ya kichwa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Marekani uliowahoji watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na madaktari, kwamba wana maumivu ya kichwa ya sainasi. Asilimia 88 kati yao walikuwa na sifa za kipandauso. Mtu wa kundi hili, ambaye hana kamasi chafu wala pua iliyoziba, akipigwa picha ya CT, kwa hesabu niliyokwisha kuieleza ana nafasi kubwa ya kukutwa na mfupa uliopinda au chumba cha ziada. Akipasuliwa, kichwa huweza kutulia kwa muda, kisha kipandauso kikarudi pale pale, kwa kuwa hakikuwa na uhusiano na pua. La pili ni la waliopigwa picha wakiwa na mafua. Mwaka 1994 Jack Gwaltney na wenzake waliwapiga picha za CT watu wazima 31 waliokuwa na mafua ya kawaida, na 27 kati yao walikutwa na kasoro katika sainasi za mashavuni. Wengi wa waliorudiwa picha baada ya wiki mbili walikuwa wamesafika au wamepata nafuu kubwa bila antibiotiki. Kwa hiyo picha ya sainasi inayolenga kuchunguza ugonjwa sugu haipigwi wiki ya mafua, isipokuwa panapokuwa na dalili za hatari kama jicho kuvimba, macho kuona viwili viwili, au homa kali yenye kuchanganyikiwa, ambapo hakuna kungoja.

Sasa nigeukie upande wa pili, ambao kwangu ni mzito zaidi. Mgonjwa ametibiwa kwa dawa ipasavyo, hajapona, na imeamuliwa kwa haki kwamba apasuliwe. Kuanzia hapo, yale maumbile tuliyosema hayaelezi ugonjwa yanakuwa suala la jicho lake na ubongo wake. Sainasi za ethimoidi zimetenganishwa na tundu la jicho kwa mfupa mwembamba kama karatasi, na kwa juu zimepakana na sakafu ya ubongo. Mwaka 1962 Keros, aliyechunguza mafuvu, aliligawa bonde la neva za kunusa, yaani kishimo kilicho kwenye mfupa huo wa juu, kwa kina chake: milimita 1 hadi 3, 4 hadi 7, na 8 hadi 16. Kadiri bonde linavyokuwa na kina, ndivyo ukuta wake wa pembeni, ambao ni miongoni mwa mifupa myembamba kuliko yote katika eneo hilo, unavyobaki wazi kwa chombo cha mpasuaji. Akiutoboa, maji ya ubongo hutiririka puani. Bonde hilo huweza kuwa na kina tofauti kulia na kushoto, kwa hiyo mpasuaji aliyemaliza upande mmoja salama hapaswi kudhani wa pili uko vivyo hivyo.

Chumba cha Onodi, kilichopewa jina la daktari wa Hungaria aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 20, ni mfano mwingine. Hiki ni chumba cha nyuma cha ethimoidi kilichopanda juu na pembeni mwa sainasi ya sifenoidi, na neva ya jicho huweza kupita kwenye ukuta wake, wakati mwingine ikiwa imefunikwa na mfupa mwembamba sana au haina mfupa kabisa. Mpasuaji asiyejua kuwa kipo huweza kukifungua akidhani yumo ndani ya sifenoidi. Kwenye ukuta wa sifenoidi yenyewe hupita ateri ya karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo, ambayo kwa baadhi ya watu nayo haina kifuniko cha mfupa, na mara nyingine kuta ndogo zinazoigawa sainasi hiyo huwa zimejishikiza moja kwa moja juu ya ateri; kuzikwanyua kwa nguvu ni kuikwanyua ateri. Chumba cha Onodi kwa kawaida hakimletei mgonjwa dalili yoyote, naye huweza kuishi nacho bila kukijua, lakini kutosomwa kwake kunaweza kumgharimu uwezo wa kuona.

Niongeze sainasi ya shavuni iliyodumaa, kwa sababu ni hali inayosahaulika. Sainasi hii inapokuwa ndogo tangu utotoni, sakafu ya tundu la jicho huwa imeshuka na kile kimfupa cha ndoano huwa kimelala juu ya ukuta wa jicho badala ya kusimama. Hatua ya kwanza ya upasuaji wa sainasi ni kukiondoa kimfupa hicho. Kikiwa kimelala, mkasi unaoingia kwa mazoea huingia ndani ya tundu la jicho. Kuna pia tundu la ziada la sainasi ya shavuni, ambalo watu wengi wanalo. Mpasuaji akilipanua hilo na kuuacha mdomo wa asili, ute hutoka kwa mdomo wa asili, hurudi ndani kupitia tundu lililopanuliwa, na huzunguka hivyo bila kikomo. Mgonjwa huyu hurudi akilalamika kuwa upasuaji haukusaidia, na picha yake huonyesha dirisha pana linalopendeza.

Lipo pia suala la kukata kupita kiasi. Turbineti hupasha hewa joto na kuilowesha kabla haijafika mapafuni, na hufanya hivyo kwa zamu. Katika pua ya kawaida, upande mmoja huvimba kidogo huku mwingine ukipungua, kisha hubadilishana baada ya saa chache. Ukitazama picha iliyopigwa wakati wa zamu hiyo utaona turbineti za upande mmoja ni kubwa, na kuna majibu yanayoliandika hilo kama kasoro. Zikiondolewa kwa wingi, baadhi ya wagonjwa hubaki na pua pana, kavu, yenye maganda, ambayo kwa mwenyewe huhisi imeziba daima ingawa hewa inapita tele. Hali hiyo ni ngumu kuitibu.

Ombi langu la kwanza, Mhariri, ni kwa wenzangu wanaoandika majibu ya picha. Uvimbe uandikwe peke yake, kwa kila sainasi na kwa kila upande, na ikiwezekana kwa alama za Lund na Mackay za kupima jinsi sainasi zilivyojaa, zinazotumika tangu mwaka 1993, ambazo huanzia 0 hadi 24, ingawa alama hizo haziendi sambamba kila mara na jinsi mgonjwa anavyojisikia. Maumbile yaandikwe mahali pake, chini ya kichwa kinachosema wazi kwamba ni ya kumwongoza mpasuaji: kina cha bonde la neva za kunusa kulia na kushoto, kuwepo au kutokuwepo kwa chumba cha Onodi, hali ya mfupa juu ya neva ya jicho na ateri ya karotidi, mahali inapopita ateri ya mbele ya ethimoidi. Kutoandikwa kwa mambo haya ni upungufu mkubwa kuliko kutoandikwa kwa konka bulosa, na bado konka ndiyo inayoandikwa kila mara.

La pili ni kwa mgonjwa aliyekwisha kuambiwa apasuliwe. Ana haki ya kumwomba daktari aiweke picha mbele yake, amwonyeshe ni sainasi gani iliyojaa, ni njia gani itakayofunguliwa, na kama mfupa utakaoguswa uko upande ule ule wa ugonjwa. Ajiulize pia amekwisha kutumia dawa gani kwa muda gani, na amuulize daktari ataendelea na dawa gani baada ya upasuaji, kwani kwa wengi upasuaji hufungua njia ili maji ya chumvi na steroidi vifike vilikokuwa havifiki, na mwenye vinyama anayeacha dawa baada ya kupasuliwa hujiweka katika nafasi ya kuviona vikirudi. Na ikiwa aliwahi kupasuliwa sainasi huko nyuma, aende na picha za zamani pamoja na mpya, kwa sababu mpasuaji wa mara ya pili hukuta alama nyingi za mifupa alizozitegemea zimekwisha kuondolewa, na picha ya kabla ya upasuaji wa kwanza huweza kuwa kumbukumbu pekee ya mahali zilipokuwa.

Wako,
Daktari wa masikio, pua na koo